Maji ya Githeri na Mashua za Gredi ya Tano

Juzi walikuja kwangu walimu wawili wa mazoezi, binti na kijana, wanaofundisha muhula huu katika shule moja huku Voi. Walitaka kuazima karai langu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na vitu vyangu vya kazi viko nyuma ya mlango wa jikoni: karai, misumari ndani ya kopo, kipande cha mlingoti wa mkonge, mishumaa nusu nusu. Majirani wanaviita takataka.

"Madam, tumeambiwa wewe ndio ulikuwa unafundisha kuelea na kuzama kwa practical," alisema yule binti. "Tunataka watoto wajenge boti, halafu tuone ya nani itabeba mzigo mwingi kabla izame."

"Vizuri," nikasema. "Na maji?"

"Maji tutachota tu hapo shule."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wakaona aibu, nami nikaona huruma, nikawapikia chai. Lakini karai sikuwapa. Niliwaambia nitawaandikia kwanza jambo moja, wakishalisoma waje walichukue. Kwa hiyo nyinyi wawili, na wengine wote mnaoshika chaki sasa, haya ndiyo mambo yenyewe. Msinisome mkitafuta tarehe, maana sikuandika shajara, na kichwa changu hupanga mambo kinavyotaka.

Mimi nilizaliwa hapa hapa Voi, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alitoka upande wa Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, akazeekea hapa. Kwa hiyo vyuma nilivijua kabla ya kujua kusoma. Lakini nilipoanza kufundisha, miaka mingi nilifundisha maji kwa chaki. Nilichora ubaoni beseni, nikachora mashua, nikachora mishale ya kwenda juu na ya kwenda chini, na watoto wakaimba: "Kitu chenye densiti ndogo kuliko maji huelea!" Waliimba vizuri kuliko kwaya ya kanisa. Mimi nikajiona mwalimu.

Siku moja akaja mkaguzi, akakaa nyuma, akasikiliza huo wimbo. Kisha akamsimamisha mtoto mmoja wa mbele, akamwonyesha kifutio na kipande cha chaki. "Nikivitia majini, kipi kitazama?" Mtoto akaviangalia, akaniangalia mimi, akajibu kwa adabu zote: "Kile Madam atasema." Mkaguzi hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake, na mpaka leo sijui aliandika nini, ila masikio yangu yalipata moto.

Aliyeniokoa alikuwa Mwalimu Mwandoe. Huyu alikuwa mzee wa kazi tuliyefundisha naye shule moja, mtu wa maneno machache, koti lake limejaa vumbi la chaki hadi kwenye mifuko. Aliniita darasani kwake nikae nyuma kama mwanafunzi. Aliwatuma watoto wawili nje, wakaingia na mlingoti wa mkonge, ule mti mrefu unaotoka katikati ya mkonge ukishakomaa. Waliubeba begani mmoja mbele mmoja nyuma, wakijifanya wanalemewa. Mkononi Mwalimu Mwandoe alishika chembe ya kokoto, ndogo kama punje ya mtama.

"Atakayesema kitu kitaelea, mikono kichwani. Atakayesema kitazama, mikono chini ya dawati. Na wewe Mwalimu Nekesa, hata wewe."

Darasa zima tuliweka mikono chini ya dawati kwa mlingoti, na kichwani kwa kokoto. Ndiyo, hata mimi niliyekuwa nimeimbisha densiti miaka yote hiyo. Nilibabaishwa na ukubwa wa ule mti. Ukatiwa kwenye pipa, ukalala juu ya maji. Kokoto ikaenda chini bila hata kuaga. Darasa likapiga kelele, na mimi nikapiga kelele nao.

Baadaye aliniambia, "Mtoto ambaye hajakosea, jibu atalisikia lakini hatalipokea. Mwache aweke mikono yake mahali kwanza."

Neno hilo nililishika maisha yangu yote. Msimwambie mtoto kitu kabla hajakisia. Na akikisia, asikisie kwa mdomo, maana mdomo hufuata wa jirani. Akisie kwa mikono.

Nitawapa na mambo mengine madogo ya jikoni kwangu. Kiazi huzama kwenye maji matupu, lakini ukitia chumvi nyingi na kukoroga, kinapanda polepole. Msifanye uchoyo wa chumvi, vijiko viwili havitoshi. Mshumaa mzima huelea, na ukiukata vipande kumi vyote kumi huelea, na hapo ndipo mtoto anaanza kushuku kwamba ukubwa si hoja. Yai bichi zima huzama. Likielea usilipike, lizike. Haya ya yai yakumbukeni, nitayarudia.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilipelekwa shule moja ya kule juu mlimani Sagalla. Mtaala mpya ulikuwa umeshaingia na kila kitu ni vitendo, nami nikafurahi, nikasema sasa dunia imenifuata. Nilipewa Gredi ya Tano. Watoto wazuri, wasikivu, wengi wao bahari wameiona kwenye kitabu tu ingawa treni za Mombasa zinapita huko chini kila siku.

Kule Sagalla maji ni shida. Kila mtoto huja shuleni na maji. Anabeba kindoo, kile cha mafuta ya kupikia, ambacho kifuniko chake kilikwisha kuwa sahani ya kuku zamani. Asubuhi wanapanga mstari mlango wa jikoni, na mpishi, Mama Mkawasi, anatazama kila ndoo. Ndani ya kila ndoo kuna alama ya msumari. Maji yakifika kwenye alama unamwaga kwenye pipa na kwenda darasani. Yasipofika, unarudi ulikotoka kuongeza. Sheria hiyo waliiweka wazazi wenyewe mkutanoni, na Mama Mkawasi aliishika kama amri ya kumi na moja. Nilimwona mkali. Sikujua bado kwamba alikuwa akipika githeri, mahindi na maharage ya watoto wote, kwa hesabu ya kata za maji, na kata moja ikipungua kuna sahani inayopungua.

Darasani kwangu kulikuwa na msichana anaitwa Mshai. Mwembamba, mpole, lakini akikushika na swali hakuachi. Siku nilipoanza somo la kuelea na kuzama, msumari ulipozama, aliinua mkono.

"Madam, msumari ni chuma?"

"Ni chuma."

"Na meli ni chuma?"

"Ni chuma."

"Sasa mbona yenyewe haizami, na ni kubwa hivyo?"

Nikamwambia kwa majigambo, "Swali zuri. Jumanne tutajenga mashua, na utajijibu mwenyewe."

Jumanne hiyo nilifika asubuhi mapema, nimebeba nusu pipa lililokatwa, nikaliweka darasani. Watoto walikuwa na vifaa vyao: milingoti ya mkonge, udongo wa kichuguu, makasha, pakiti za maziwa. Kitu kimoja tu hakikuwako. Nikatoka mlangoni, nikaita Gredi ya Tano yangu kabla hawajafika jikoni. "Leteni maji yenu hapa. Tukimaliza tutayapeleka kwa Mama Mkawasi." Niliwaza kwamba mashua haiyanywi maji. Inakaa juu yake tu. Ningeyarudisha yote, hakuna hata tone litakalopotea. Hayo ndiyo mahesabu yangu, mimi mwalimu wa sayansi.

Wakamwaga. Ndoo baada ya ndoo, na nusu pipa likajaa vizuri.

Somo lilikuwa tamu, sitawaficha. Mikono kichwani, mikono chini ya dawati, vicheko. Kundi la kwanza walifinyanga mashua ya udongo wa kichuguu, ikaelea, wakashangilia, kisha ikaanza kulainika na kumeguka, maji yakawa rangi ya chai. Sikujali, nikasema udongo utatulia chini. Kundi la tatu walijenga ya kasha, na ili isilowe wakaipaka grisi, mzazi wa mmoja wao ana gereji. Nikawasifu! Nikaiinua juu darasa zima waone. "Hawa wamefikiri kama mainjinia!" Mashua ya mainjinia ikabeba kokoto kumi na nane, ikashinda, ikazama, na grisi yake ikatandaa juu ya maji yote, ikang'aa rangi rangi. Watoto wakasema ni upinde wa mvua. Na mimi nikasema, kweli, tazameni, ni upinde wa mvua.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Mkawasi na sufuria yake kubwa.

"Mwalimu," alisema, "maji ya Gredi ya Tano iko wapi? Mahindi iko kwa moto."

Nililionyesha tu lile nusu pipa. Akaja, akachovya kidole, akakinusa. Akakipangusa kwenye leso yake taratibu, kama mtu anayepangusa kidonda.

"Unajua bila hiyo maji leo siwezi pikia wote," alisema. "Nitapikia wengine. Hawa wako, sijui."

Na ndivyo ilivyokuwa. Saa sita na nusu madarasa mengine walikula, na Gredi ya Tano, waliobeba maji kupanda mlima, walikaa kwenye nyasi wakitazama. Nilikwenda dukani nikanunua mikate yote iliyokuwako, haikufika hata nusu yao. Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Hakupaza sauti. Alisema kuanzia siku hiyo hakuna somo la maji katika shule ile mpaka wazazi waseme wenyewe. Wahenga walisema ukilikoroga utalinywa. Mimi nililikoroga, na hata kulinywa haikuwezekana, maana lilikuwa na grisi.

Hilo lingeniuma wiki moja likapita. Lililokataa kupita ni dawati la Mshai. Jumatano halikuwa na mtu. Alhamisi halikuwa na mtu. Ijumaa nikamuuliza jirani yake, akasema bila kuniangalia, "Nyanya yake amesema maji yake haiji kuchezewa tena. Na bila maji si huwezi ingia."

Sasa nieleweni vizuri, maana hili ndilo jambo lenyewe. Mtoto alikuwa amefungiwa nje ya shule na vitu viwili: sheria ya ndoo upande mmoja, na hasira ya haki ya nyanya yake upande mwingine. Na aliyevikutanisha hivyo viwili ni mimi. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu, baada ya kuingiza watoto wengi sana darasani, nilikuwa nimemtoa mmoja. Usingizi ulinikimbia.

Jumamosi nilinunua dumu la lita ishirini, nikalijaza maji Voi, nikapanda bodaboda hadi Sagalla. Barabara ilipoishia nikamwomba yule kijana wa boda anisaidie kulibeba hadi nyumbani kwa Mshai. Nyanya yake alikuwa amekaa kizingitini akichambua kunde. Mama mzee mfupi, Kiswahili chake cha kuokoteza, Kisagalla ndicho alichokitumia akitaka kusema jambo la maana, na Mshai akawa anafasiri huku macho yake yako chini.

Nikamwamkia. "Shikamoo Mama."

"Marahaba." Akatazama dumu. "Hiyo nini?"

"Nimeleta maji Mama. Kulipia yale."

Akaongea Kisagalla kwa muda. Mshai akafasiri. "Anasema ahsante, lakini maji ya Voi si yale. Anasema yale alitoka nayo yeye kisimani na mimi, saa kumi na moja alfajiri. Anasema..." Akasita.

"Sema tu mwanangu."

"Anasema mwalimu mzima, mchezo wake unakunywa maji."

Niliinamisha kichwa, nikasema, "Ni kweli Mama. Nilikosea. Nisamehe."

Nadhani hakutegemea. Watu wa ofisi na walimu hawana mazoea ya kuomba msamaha kwenye vizingiti. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na ndoo mbili. Moja akanipa mimi.

Kisima kiko chini kabisa, na njia yake ni ya mawe. Kushuka hakuna shida. Tulichota, akanitwika, yeye akajitwika, Mshai nyuma na kindoo chake cha shule. Mimi ni mtoto wa landhi, maji yetu yalitoka mferejini. Hatua ya kwanza yakanimwagikia mgongoni. Ya pili yakaingia sikioni. Yalikuwa yakiyumba kushoto nikienda kulia, yakija mbele nikienda nyuma. Mama yule alikuwa akicheka, cheko la chini kwa chini la mtu aliyefurahi kwa dhati. Tulipofika, ndoo yangu ilikuwa chini ya nusu, na blauzi yangu imekunywa iliyobaki. Ndoo yake yeye imejaa mpaka juu. Na juu ya maji yake ilikuwa inaelea kata, ile ya kibuyu kilichopasuliwa.

Mimi nikauliza kama ameisahau humo.

"Hapana," Mshai akasema. "Inatuliza. Ukiweka kitu juu, maji hairuki."

"Na wewe mbona huweki kwa ndoo yako ukija shule?"

"Nilikuwa naweka majani. Mama Mkawasi akakataa, anasema majani inaleta wadudu. Na kata ni hii moja tu. Ndiyo naenda pole pole, lakini bado inamwagika. Mara nyingi ananirudisha."

Hapo nilikaa kwenye jiwe. Muhula mzima nilikuwa nikiandika kwenye rejista kwamba Mshai huchelewa. Nilimwandika kwa kalamu nyekundu. Nilimkemea mara mbili mbele ya wenzake. Na mtoto alikuwa akiteremka tena nusu ya mlima kwa sababu ya vidole viwili vya maji, halafu anaingia darasani na kuniuliza habari za meli. Nililia, na sioni sababu ya kuwaficha. Mama yule akanisukumia kitambaa cha kutwikia ndoo nijifutie.

Kisha nikaitazama tena ile kata ikiyumbayumba kwenye ndoo, tupu katikati, imekaa juu ya maji. Nikauliza, "Mama, una sahani ya bati?"

Akaniletea moja, iliyobanduka rangi. Nikampa Mshai. "Itie majini kwa ukingo, wima." Akaitia, ikazama mpaka chini ya ndoo, tukaisikia ikigonga. "Itoe. Sasa ilaze." Akailaza taratibu kwa viganja viwili. Ikakaa juu.

Mshai akainama mpaka pua ikakaribia maji. Akaitia tena wima, ikazama. Akailaza, ikakaa. Alirudia sijui mara ngapi. Mimi nilinyamaza, maana nilimkumbuka Mwalimu Mwandoe. Mwisho akasema polepole, "Ni bati ile ile. Lakini ikilala inasukuma maji mingi. Na ndani yake kuna hewa." Akaniangalia. "Meli iko hivi?"

"Meli iko hivyo hivyo, mwanangu."

Nyanya yake akauliza tunasema nini, Mshai akamweleza, na mama mzee akatikisa kichwa kama mtu anayesikia kwamba wasomi wamegundua moto. Alisema neno moja kwa Kisagalla, na safari hii Mshai alitabasamu akifasiri. "Anasema basi mchezo wako ubebe maji, usiyanywe."

Jumatatu nilikwenda jikoni kabla ya ofisini. Nilimweleza Mama Mkawasi yote, habari ya majani, ya kata, ya sahani. Alikuwa akikoroga uji wa wadogo, hakuacha kukoroga. "Majani sitaki," alisema. "Lakini sahani iliyooshwa, hiyo ni chombo. Hiyo sina neno nayo." Kisha akaongeza, "Kwani ni Mshai ndiye nilikuwa namrudisha hivyo? Mimi naangalia alama tu, siangalii mtoto anatoka wapi." Akaacha kukoroga. Nilijua imemchoma kama ilivyonichoma mimi.

"Twende kwa mwalimu mkuu," akaniambia, na tukaenda wote wawili, yeye na mwiko mkononi. Nilimweleza mwalimu mkuu neno la nyanya yake Mshai, na kwa kuwa mzazi amesema mwenyewe, akakubali jaribio moja. Mashua zijengwe nyumbani, zisafishwe, zielee ndani ya ndoo ya mtoto wakati anakuja shule. Hakuna grisi, hakuna udongo. Maji yapimwe mlangoni kama kawaida. Yakipungua, tunaacha.

Basi hilo ndilo somo langu la mashua, na ndilo nililofundisha mpaka nikatoka kazini. Kuna mambo mtayaona wenyewe. Mashua nyembamba nzuri ya kuchongoka haitulizi chochote, inazunguka tu kama mlevi. Iliyo pana, inayobakiza vidole viwili kufika ukingo wa ndoo, hiyo ndiyo. Kitako cha dumu la mafuta ya kupikia kilichokatwa na kuoshwa kwa maji moto kinafaa sana, lakini ukate mwenyewe mwalimu, msiwape watoto visu. Tupu kabisa huruka ruka, ukiitia mzigo kidogo inakaa, ukizidisha mzigo inazama na kulala chini bila faida. Mtoto anayepanda mlima anatafuta uzito ule wa katikati kwa njia nzima, na akifika anajua densiti kuliko mimi nilivyoijua miaka ishirini.

Lakini asubuhi ile ya kwanza sikuwa na uhakika wa kitu, ingawa habari nilikuwa nimemtumia Mshai kupitia jirani yake wa dawati. Nilisimama na Mama Mkawasi mlangoni pa jikoni. Watoto wa Gredi ya Tano wakawa wanafika mmoja mmoja, na ndani ya ndoo zao vitako vya dumu, mikebe, kifuniko cha sufuria cha mama wa mtu ambacho nilijua kitatafutwa jioni. Mama Mkawasi anatazama alama, anaitikia kwa kichwa, pita. Anatazama, pita. Wachache maji yao yalikuwa yamepita alama. Kengele ikapigwa. Mshai hakuwako.

"Ngoja," Mama Mkawasi alisema. Na ninyi hamumjui Mama Mkawasi, lakini huyo hakuwahi kumngoja mtu.

Tukamwona akija kwenye kona ya mwisho ya njia, amejitwika ndoo, mikono iko chini, anatembea wima. Nyuma yake kidogo alikuwa nyanya yake na fimbo, hakutaka kufika karibu, alisimama langoni. Mshai akatua ndoo mbele yetu. Maji yalikuwa juu ya alama kwa upana wa kidole. Juu ya maji ile sahani ya bati iliyobanduka, imesuguliwa kwa majivu mpaka inang'aa. Na katikati ya sahani, kavu kabisa, yai moja la kuku.

"Nyanya amesema meli lazima ibebe mzigo," Mshai akasema. "Ya Madam."

Mama Mkawasi alitazama alama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaitoa sahani kwa mikono miwili, akanipa na yai lake, akainua ndoo mwenyewe na kuimwaga kwenye pipa.

"Pita, mama," akamwambia Mshai. "Pita uende darasani."

Lile yai sikulila. Nililiweka kwenye kabati la nyumbani, nikawa nalitazama, ujinga wa uzee. Baada ya muda mrefu nikalitia kwenye glasi ya maji, likaelea, nikajua nimelipoteza, nikalizika nyuma ya nyumba. Mshai sasa yuko sekondari. Akija likizo hupita kunisalimia, na bado ananishika na maswali.

Karai lenu liko nyuma ya mlango, pamoja na misumari na mlingoti. Njooni mlichukue wakati wowote. Lakini mkifika shuleni, kabla ya kwenda darasani, piteni jikoni mkamwamkie mpishi.